Mkia wa Msafara

Ukitaka kuzungumza na mkia wa msafara, njia ni moja tu: uwe wa mwisho. Kila mwendesha baiskeli katika safari ile ya kuvuka nchi alilijua hilo, na aliyelijua kuliko wote ni yule binti mpima macho ambaye, tangu mkia wa sasa aajiriwe, alikuwa akijiua kwa kukanyaga ili awe wa kwanza.

Kazi ya mkia si ya kuonewa wivu. Yeye ndiye anayefunga msafara. Anakaa nyuma ya mtu wa mwisho, hampiti hata kama anatambaa, hamwachi mpaka amkabidhi mwisho wa safari ya siku. Mtu akipata pancha, anaziba. Mnyororo ukikatika, anaunga. Na akiona aliyekatika ni mwendeshaji mwenyewe, anapiga simu, lori la mizigo linarudi kumpakia. Basi hebu mfikirie mwanamke anayempenda mkia huku mwenyewe hataki kumpenda. Atafanya nini zaidi ya kukimbilia mbele?

Alikimbia hasa. Wenzake wakambatiza jina, wakamwita Risasi, naye akacheka pamoja nao bila kuwaambia anakimbia nini.

Kazini kwake, katika duka la miwani, Risasi alizoea kuwatazama watu machoni kutwa nzima bila haya. Mteja anaweka kidevu kwenye kifaa, yeye anazima taa, anasogeza uso na kuchungulia ndani ya jicho mpaka aone anachokitafuta. Amewachungulia mameneja, bibi harusi na askari, wote sawasawa. Macho ya mwanamume mmoja tu ndiyo yaliyomshinda, na mwanamume huyo aliwahi kuwa mchumba wa dada yake.

Mambo yenyewe yalikwisha zamani. Uchumba ulidumu mwaka na ushee, kisha dada akauvunja kwa mdomo wake mwenyewe, bila kugombana na mtu. Alisema huyu ni mtu mzuri, ila si wangu. Akaolewa kwingine, akahamia mji mwingine, akazaa. Mchumba aliyeachwa, ambaye wote walimwita Fundi kwa kazi yake ya baiskeli, naye akabeba boksi lake la spana akaondoka. Risasi wakati huo alikuwa chuoni. Alimwomba Mungu asimwone tena mtu yule, na kwa miaka mitano Mungu akamsikiliza. Halafu safari hii ikaanza, fundi wa msafara, ambaye ndiye mkia wake, akaugua tumbo siku za mwanzo tu, zikapigwa simu huku na huko kutafuta wa kushika nafasi yake, na asubuhi moja akateremka kwenye basi mtu anayemjua. Risasi alikuwa bombani anapiga mswaki. Alimeza povu lote.

"Hujambo, shemeji," Fundi alimwambia.

"Sijambo, shemeji. Karibu."

Ushemeji wenyewe ulikuwa umeshakufa, lakini wote wawili waliushikilia kwa nguvu, maana uliwasaidia. Tangu hapo hawakuwa wamesemezana la maana, isipokuwa jioni moja Risasi alipompelekea baiskeli yake ikazwe breki. Risasi alishika waya, Fundi akawa anakaza nati.

"Mkono wako unatetemeka," Fundi alisema bila kuinua uso.

"Na wako."

Breki ikakazwa, akashukuru, akaenda zake. Maneno hayo machache alilala nayo na kuamka nayo mpaka akachoka na nafsi yake.

Siku ninayoisimulia ndiyo iliyoogopwa na wote, ndefu kuliko zote, nyika tupu yenye upepo wa usoni, halafu mlima mmoja mwishoni. Jioni walikuwa walale katika mji anakoishi dada yake. Dada alikuwa amepiga simu mara chungu nzima: utakula kwangu, utaoga kwangu, utalala kwangu. Lakini kilichomnyima Risasi usingizi ni habari nyingine. Fundi wa kwanza alikuwa amepona, na kesho angeshika kazi yake. Huyu wa sasa mwisho wake ulikuwa leo. Tena mjini hataki kufika. Ameomba aishie njia panda, kule juu ya mlima, achukue basi la jioni arudi kwao.

"Kwa nini asifike mjini?" Risasi alimuuliza shangazi yake alfajiri, kikombe cha chai mkononi.

Shangazi, dada wa baba yake, ndiye aliyekuwa dereva wa lori la mizigo na mpishi wa msafara. Alikuwa amestaafu kuendesha basi la wafanyakazi wa kiwanda, na mpaka leo aliongea kwa sauti ya mtu anayeshindana na injini.

"Hataki kumkuta dada yako mlangoni kwake," Shangazi alisema huku akikata mkate. "Mtu ana adabu zake. Kwani wewe ulitaka amkute?"

"Mimi sikutaka kitu, Shangazi."

"Nimeona. Tangu aje, umekuwa hutaki kitu kwa kasi ya ajabu."

Risasi alijitia hamnazo. Shangazi alikuwa na haki ya kutania, lakini mama hakuwa na utani hata chembe. Alipopata habari kwamba Fundi yumo msafarani, alipiga simu siku hiyohiyo. Mtu aliyekuja kumposa dada yako, alisema, hawezi kugeuka akakutaka wewe. Watu watatuonaje? Risasi alijibu kwamba hakuna aliyemtaka. Mama akasema, "Hilo sijakuuliza," akakata.

Filimbi ya kiongozi ikapigwa. Baiskeli zikatoka nje ya uwanja wa shule walikolala, moja baada ya nyingine, na kwa mara ya kwanza Risasi hakukurupuka.

"Goti linanivuta," alimwambia kiongozi alipoulizwa.

"Limeanza lini?" Shangazi alidakia kutoka dirishani kwa lori.

"Leo."

"Ahaa. Leo," Shangazi alisema, akapandisha kioo.

Alianza kurudi nyuma taratibu, ili asishtukiwe. Alisimama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa. Akasimama kunywa maji. Akapiga picha daraja ambalo halikuwa na chochote, hata maji chini yake. Wenzake wakawa wanampita na kumcheka.

"Risasi imelowa leo," mmoja alimtupia.

"Tangulieni," akajibu. "Nawafuata."

Jua lilipopanda, barabara mbele yake ilikuwa tupu. Nyuma yake akasikia mlio mdogo wa gurudumu linalozunguka bila kukanyagwa, tiki-tiki-tiki, mlio wa mtu anayejizuia asimpite mwenzake. Hakugeuka. Alihisi mgongo wake wote umekuwa uso.

"Uko salama, shemeji?"

"Niko salama."

Wakaenda hivyo muda mrefu. Risasi alikuwa amekesha usiku kucha akipanga atakachosema, akajiambia akishakuwa wa mwisho maneno yatakuja yenyewe. Sasa amekuwa wa mwisho, na maneno yote yametangulia na wenzake. Akazidi kupunguza mwendo, labda yatatokea. Nyuma akasikia breki, kisha sauti ya Fundi akizungumza na mtu kwenye simu, kisha gurudumu likamfikia tena.

Hawakwenda mbali kabla ya kuona vumbi mbele. Lori la mizigo lilikuwa linarudi, taa zinawaka mchana kweupe.

"Linarudi kuchukua nini?" Risasi aliuliza.

"Wewe."

Alifunga breki, nusura Fundi amgonge. Hapo ndipo alipogeuka.

"Nani kakwambia nimeshindwa?"

"Nimekaa nyuma yako tangu asubuhi, shemeji. Unakwenda kama unasindikiza jeneza." Fundi alikuwa na wasiwasi wa kweli usoni. "Mwendo wako naujua. Kila siku nakuona unavyoondoka, mpaka unakuwa nukta. Mtu hawezi kubadilika hivi kwa siku moja ila awe anaumwa. Nikaona nikinyamaza nitakuwa nimekuumiza."

"Siumwi goti."

"Basi unaumwa nini?"

Angeweza kusema kichwa. Angeweza kusema tumbo, gonjwa lililokwisha kuwapata wengine. Lakini alijua akipakiwa kwenye lori lile siku imekwisha, na siku nyingine hakuna.

"Nilitaka kuwa wa mwisho," akasema.

Fundi alitazama mikono yake, akatazama tairi la mbele ambalo halikuwa na tatizo lolote, akalibonyeza kwa kidole. Risasi aliona masikio yake yanavyobadilika rangi, na aibu yake mwenyewe ikapungua kidogo.

Lori likasimama kando yao. Shangazi akateremka, akafuta mikono, akamzunguka mpwa wake taratibu kama anayetaka kununua gari lililotumika.

"Mgonjwa ndiye huyu?"

"Ni kosa langu, Shangazi," Fundi alisema. "Nilidhani amechoka sana."

"Amechoka, ndiyo. Lakini ugonjwa wake si wa kupakiwa kwenye lori." Alirudi ndani, akatoka na mayai ya kuchemsha, mkate na chupa mbili za maji, akamtwika Fundi vyote. "Mama yako alinituma nikuangalie," akamwambia Risasi. "Nimekuangalia. Sasa naenda kupika, nina watu wenye njaa kule mbele. Na ule mlima usiwakute na giza, mnanisikia?"

"Shangazi, utamwambia nini mama?"

"Nitamwambia goti limepona."

Akapanda, akageuza lori kwa ufundi wake wa zamani, akaondoka. Wawili hao wakala mayai wamesimama, kila mmoja upande wake wa barabara, wakatazama kila kitu isipokuwa wao wenyewe. Hakuna yai lililowahi kuwa gumu kumeza namna ile.

Baada ya hapo upepo ukaanza. Ulikuja moja kwa moja usoni, mkavu, bila kupumzika, na baiskeli ikawa nzito kama imefungiwa gunia. Risasi sasa alikanyaga kwa dhati, maana muda ulikuwa umepotea, lakini kila hatua aliyokwenda ilionekana kurudishwa. Macho yakamtoka machozi ya vumbi. Mara akaona kivuli kikipita kando yake. Fundi alikuwa amempita.

"Kaa nyuma yangu," alisema kwa sauti ya juu. "Karibu. Zaidi. Usiangalie tairi, niangalie mimi."

"Mkia haruhusiwi kupita mtu."

"Ndiyo siku yangu ya mwisho. Watanifukuza kazi ipi?"

Akakaa nyuma yake, na upepo ukakatika. Ghafla kukawa na utulivu, kijisehemu kidogo kisicho na vumbi, chenye upana wa mabega ya mtu mmoja. Risasi alishusha pumzi. Hakuwa amewahi kumtazama mtu huyu kwa raha zake, na sasa ameamriwa amtazame. Shati lilikuwa limeganda mgongoni. Shingo ilikuwa na alama ya jua pale kola inapoishia. Alitamani kuigusa alama ile, akaona haya, kisha akatamani tena.

Kulikuwa na jambo jingine: kwa kuwa Fundi hakuweza kugeuka, wakaweza kuzungumza. Yale ambayo macho yaliyazuia, mgongo uliyapokea.

"Shemeji," Fundi alianza.

"Usiniite hivyo."

"Nikuiteje?"

"Sijui. Ila si hivyo."

Wakakanyaga kidogo.

"Dada yako aliponiacha niliumia," Fundi alisema mbele kule, na upepo ukamletea Risasi kila neno. "Sitakudanganya. Niliumia haswa. Halafu siku zikapita, nikawa nikikumbuka pale kwenu, yeye namwona mgongo tu, anatoka, anawahi kazini. Wewe nakuona umekaa kwenye ngazi na vitabu vyako, unaniuliza gia inajuaje wakati wa kubadilika. Nikajiona mtu mbaya. Mtu gani anaachwa na dada halafu anamkumbuka mdogo mtu? Nikahama ule mji ili nisipite hata mtaa wenu."

"Hukuwahi kusema."

"Ningemwambia nani? Baba yako?"

Risasi alicheka, na kicheko kikageuka kitu kingine katikati.

"Mimi je?" alisema. "Siku dada alipokuja kusema ameuvunja uchumba, nyumba nzima ililia. Mama alilia, baba akaenda kukaa nje, hakutaka kuongea na mtu. Na mimi nikalia. Ila sikulilia walichokilia wao. Nilifurahi. Niliona nimefurahi, nikalia kwa kujiogopa. Dada yangu huyohuyo aliyenisuka nywele mpaka naingia chuo. Nilimkumbatia, akadhani namhurumia."

Miguu ya Fundi ikasimama. Tairi la Risasi likagusa la kwake, baiskeli zote mbili zikayumba, wakaenda mrama upana mzima wa barabara kabla ya kujirudi.

"Usiache kukanyaga," Risasi alimkemea.

"Umeniachisha wewe."

Upepo ulitulia walipofika chini ya mlima. Fundi akarudi nyuma, mahali pake, nao wakaanza kupanda. Mlima ulikuwa mrefu, wa kona nyingi, na kila kona ilificha nyingine. Miguu ya Risasi ilikuwa imeanza kutetemeka. Safari hii hakuwa anaigiza. Katika milima yote ya safari ile, mkia alikuwa na desturi yake: mtu akilegea, anamsogelea kando, anamwekea kiganja mgongoni na kumsukuma taratibu mpaka kileleni. Amemsukuma daktari wa meno, amemsukuma mwalimu wa hesabu mwenye kilo zake, amewasukuma mapacha wawili kwa zamu. Risasi alisubiri mkono ule. Alisubiri kona ya kwanza, akasubiri ya pili.

"Mbona mimi hunisukumi?" aliuliza mwishowe, akihema. "Wenzangu wote umewasukuma."

"Wewe siwezi."

"Kwa nini?"

Alimsikia Fundi akihema nyuma yake.

"Nikiuweka huo mkono sitautoa."

Basi akapanda mlima uliobaki kwa miguu yake mwenyewe, na mgongo ukamwaka pale ambapo hapakuguswa. Ni kweli alichoka. Lakini angeulizwa wakati ule kama anataka mlima uishe, angesema hapana.

Uliisha. Njia panda ilikuwa juu kabisa: vibanda viwili vilivyofungwa, kituo cha basi chenye benchi la saruji, na chini upande wa pili, mji umeanza kuwasha taa. Lori la mizigo lilikuwa limeegeshwa kando. Shangazi alikuwa ameshusha mizigo ya wengine na vyungu vyake mjini, akarudi kumsubiri mpwa wake. Alikuwa amejiegemeza kwenye usukani, kofia usoni, amelala usingizi ambao mtoto mdogo angejua ni wa uongo.

Fundi alishusha boksi lake la spana kutoka nyuma ya lori. Akaliweka kwenye benchi. Akaegemeza baiskeli. Alifanya yote polepole sana kwa mtu anayewahi basi.

"Kutoka hapa ni kuteremka tu," alisema. "Shangazi atakumulikia kwa nyuma. Kazi yangu imeishia hapa."

"Na mimi?"

"Wewe una dada yako kule chini. Anakupenda. Una mama. Mimi nikifika pale mlangoni nitawavunja nyote watatu kwa mara moja. Nimeshaivuruga nyumba ile mara moja, tena bila kutaka. Mara ya pili nitakuwa nimetaka." Alijaribu kutabasamu. "Nikiondoka litakwisha."

"Miaka mitano haikuwa kuondoka? Lilikwisha?"

Risasi akatoa simu kwenye mfuko wa nyuma wa fulana yake. Vidole vilikuwa na vumbi na kioo kikawa hakishiki, ikabidi avipanguse. Alijua anachokwenda kufanya, na alijua anaweza kumpoteza dada kwa dakika chache zijazo. Hilo ndilo alilokuwa akilikimbia kwa baiskeli tangu Fundi alipoteremka kwenye basi. Akapiga moyo konde, akapiga simu.

"Umefika wapi wewe?" sauti ya dada ilikuja imejaa, na nyuma yake mtoto analalamika na mfuniko unagonga sufuria. "Nimeshapasha maji mara mbili."

"Niko njia panda. Dada, fundi wa msafara wetu ni yeye."

"Yeye nani?"

Hakukuwa na haja ya kumtaja. Risasi alisikia mfuniko unawekwa chini.

"Ah," dada alisema. "Hajambo?"

"Hajambo. Yuko hapa, anasubiri basi. Hataki kuja huko akukute. Na mimi sitaki aondoke."

Mtoto akanyamazishwa. Mlango ukafungwa.

"Tangu lini?" Sauti ilikuwa imeshuka.

"Tangu wakati wako."

"Wakati yeye ni mchumba wangu."

"Ndiyo. Hakujua, dada. Hakuna lililofanyika, hakuna hata lililosemwa. Lilikuwa langu peke yangu."

"Na siku ile nilipokuja kuwaambia. Ukanikumbatia. Ukalia begani kwangu."

"Ndiyo."

Simu ikakatwa. Risasi aliishusha sikioni, akaitazama. Fundi alikuwa amesimama palepale, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona ajali.

"Hukuwa na haja ya kumwambia yote," alisema.

"Ningemwambia nusu, ningelala vipi nyumbani kwake?"

Basi likatokea kwenye kona, likasimama, likafungua mlango. Abiria wawili wakateremka na mabegi. Dereva akawaangalia hawa wawili waliosimama na baiskeli zao, akapiga honi fupi. Fundi akanyanyua boksi, akapakia baiskeli, akarudi kusimama na mguu mmoja kwenye ngazi. Hakupanda, hakushuka.

Simu ikaita.

"Asije leo," dada alisema. Sauti yake ilikuwa imetoka kulia, na haikujaribu kuficha. "Leo siwezi kumkaribisha mtu huyo. Mume wangu yupo, watoto wapo, na mimi sijui uso wangu nitauweka wapi. Mwambie aende kwao. Kama anakutaka, aje nyumbani kwa mama, mchana, na wazee wake, kama mtu ambaye hajawahi kuja. Mama nitamkabili mimi. Nilimwacha mwenyewe, kwa hiyo hakuna mtu mwingine anayeweza kumwambia mama kwamba sikuibiwa."

"Dada..."

"Sijamaliza. Sijakusamehe. Nimesema sikuibiwa, ni vitu viwili. Wewe njoo. Njoo peke yako, na uje na maneno."

Risasi alimweleza Fundi mlangoni mwa basi, kwa haraka, huku injini inanguruma. Alimweleza kama alivyoambiwa, pamoja na lile la kutosamehewa. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha wakatazamana, na safari hii hakuna aliyekwepa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi. Risasi aliona amechoka, anaogopa, na anampenda.

"Nitakuja," Fundi alisema. "Mchana."

"Na wazee."

"Na wazee. Baba yangu atauliza mbona njia ni ileile."

"Mwambie ukweli."

Mlango ukafungwa. Basi likashika barabara ya kushoto na taa zake zikaingia kwenye miti. Risasi alibaki amesimama mpaka mlio ukaisha, kisha akabaki tena. Shangazi akatoa kofia usoni, akawasha lori, hakusema neno, na kwa Shangazi hilo lilikuwa tendo kubwa.

Aliteremka mlima na taa za lori nyuma yake. Alilia njia nzima, na upepo wa mteremko ukawa unamfuta. Alijua hayupo mtu nyuma isipokuwa shangazi yake, lakini kwenye kila kona alisikiliza ule mlio mdogo wa gurudumu linalojizuia. Mwili mzima ulikuwa unamdai mtu aliyekuwa anakwenda upande mwingine wa nchi.

Dada alikuwa getini, taulo begani. Hakumkumbatia. Alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele, akaipokea baiskeli, akaiegemeza ukutani kwa uangalifu.

"Oga kwanza," alisema.

Alipotoka kuoga, shemeji yake, mume wa dada, alikuwa amewachukua watoto sebuleni na televisheni imefunguliwa juu kuliko kawaida. Dada alikuwa jikoni. Alikuwa amempakulia sahani, akaifunika, akaiweka mbali na kiti. Alivuta kigoda, akakaa, akakunja mikono juu ya meza. Kope zake zilikuwa zimevimba.

"Haya. Anzia mwanzo," alisema. "Na usinipunguzie ili nisiumie."

Risasi alikaa mbele yake. Nywele zilikuwa zinamdondoka maji mabegani, na hakuzifuta.

"Siku moja ulichelewa kutoka kazini," alisema. "Akabisha hodi, nikamfungulia mimi."